Bado

Kwanza limau, si ndimu.
Ndimu uliikataa kwa kidole, kile cha kushoto,
nikarudi tena sokoni Kiborloni kwa jua la saa nane
kwa kuwa mkubwa wa kaunta anataka limau.

Daktari wa KCMC alisema: kunywa, marufuku.
Kutengeneza hakukutaja.

Basi nimeitandika meza ya barazani
kama ulivyotandika ile kaunta ya hoteli karibu na stesheni
miaka thelathini na moja, koti jeupe, kifungo cha juu kimefungwa:
sukari ya TPC niliyoichemsha na maji mpaka ikalainika,
soda isiyo na rangi, chupa mbili,
na jini lenyewe, mzinga mdogo,
nimelificha kwenye mfuko wa unga
Mama Mchungaji asije akaliona akaanza kulikemea litoke.

Na glasi.
Ndefu, moja tu, uliyoondoka nayo siku ya kustaafu
imeviringishwa kwenye taulo. Mwizi wewe, Aminieli.
Miaka sita imenitunzia sindano za kufumia.

Vidole viwili: jini. Namimina.
"Bado," unasema.

Ndilo neno ulilotoka nalo wodini.
Kichaga, Kiswahili, Kiingereza chako cha wageni,
vyote vilizama usiku mmoja wa Machi, likaelea hili.
Chai ikiwa ya moto: bado.
Mjukuu akianguka: bado.
Mchungaji aliposema tufumbe macho tuombe: bado,
na mimi nikacheka mpaka nikatoka nje.

Nakamua limau kwa mkono huu
uliokamua ndizi, uliopika ulezi, uliotwanga msesewe
mpaka watoto wanne wakamaliza shule.
Tuseme kweli leo, maana huwezi kubisha:
bahashishi zako zilinunua redio.
Ada ililipwa na mbege.
Pipa langu linataka siku tano na uvumilivu.
Wewe dakika moja,
halafu unarudi saa nane usiku
unanuka limau na sigara za watu,
unasema wamekuchosha na Tomu Kolinzi wao.

Tomu ndiye nani? Nilikuuliza nikiwa na mimba ya Elifuraha.
Ukacheka. Ukasema, kila jioni wanamwagiza,
hajafika hata mara moja.
Nilimwonea wivu mtu huyo asiyefika
aliyekula usiku wangu wote.

Barafu nimenunua kwa jirani, vifuko vya rangi nyekundu na vyeupe;
nimechagua vyeupe. Navipiga kwa mchi.
Unafumba jicho. Haya, nisamehe,
barafu ya kupondwa ni ya walevi, nakumbuka.
Hiki hapa kipande kizima. Sikia kinavyogonga kioo.

Soda mwisho, ubavuni mwa glasi, taratibu.
Umenishika kiwiko kama unanifundisha baiskeli.
Viputo vinapanda, vinasukumana
kama pombe yangu siku inapoanza kupumua.
Kumbe.
Miaka yote hiyo, kazi moja, na hatukuonjeshana.

Nachovya kijiko, nakuletea tone mdomoni.
Unageuza uso.
Kwa mkono mmoja unaisukuma glasi juu ya kitambaa,
polepole, bila kumwaga, mpaka mbele yangu.
Kisha unakaa wima. Unainyoosha kola.
Unangoja.

Ule mlango wa mbele wa hoteli sikuwahi kuupita.
Nilikuwa nakuletea funguo jikoni, kwa nyuma,
penye mapipa ya taka.

Nanywa.
Baridi inaniuma jino lile bovu.
Uchachu, kisha utamu kwa mbali,
kisha kitu kama majani ya mrijani yaliyofikichwa.

"Bado?"
Neno limepinda mwishoni, mara ya kwanza tangu Machi.

Nalamba midomo. Nafikiri kidogo,
kama mtu aliyelipa.
"Bado," nasema. "Ongeza sukari."